Kupanga Aya za Kiini katika Insha ya Historia: Mfano wa Kiswahili cha Ituri

1.0 Utangulizi

Insha ya utafiti huwa na utangulizi, kiini na hitimisho. Kuhusu utangulizi, mwanafunzi wa Bunia anayeandaa kazi yake ya mwisho wa masomo, TFC au memuari kama tulivyozoea kuziita, hujua vizuri kwamba atadaiwa suala la utafiti, nadharia tete, mbinu na mipaka ya mada. Kuhusu hitimisho, hujua kwamba atadaiwa muhtasari na mapendekezo. Kiini ndicho ambacho mara nyingi huachwa kijipange chenyewe. Mwandishi hukusanya madondoo yake, huyagawa katika mafungu yanayoonekana kuwa ya kawaida, kisha huanza kuandika.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika insha ya historia, mafungu hayo si vyombo vitupu. Mpangilio wa aya za kiini ni dai juu ya yaliyopita. Huamua ni nani atakayeonekana kuwa mtendaji, ni kitu gani kitakachohesabiwa kuwa chanzo, na ni ushahidi upi utakaokosa mahali pa kuwekwa. Mfano tutakaoutumia ni historia ya kuenea kwa Kiswahili katika Ituri. Kwanza tutachunguza mipango miwili iliyozoeleka na kasoro zake. Kisha tutapendekeza mpango wa aya tano uliojengwa juu ya hoja. Mwisho tutataja njia za kuupima mpango wowote kabla ya kuanza kuandika.

2.0 Mipango miwili iliyozoeleka

2.1 Mpango wa tawala

Mpango wa kwanza hufuata watawala. Aya ya kwanza huwa ya Waarabu, ya pili ya Dola Huru la Kongo (1885–1908), ya tatu ya Kongo ya Kibelgiji (1908–1960), ya nne ya Mobutu (1965–1997), na ya tano ya vita vilivyofuata. Mpango huu una sifa yake: tarehe zake zinajulikana na msomaji hapotei njiani.

Kasoro yake huonekana katika sarufi ya sentensi zenyewe. Kwa kuwa kila aya inaanzia kwa mtawala, mtawala ndiye huwa kiima: Waarabu walileta Kiswahili, Wabelgiji wakakieneza, Mobutu akakipendelea Kilingala. Wasemaji wa lugha hubaki yambwa, watu waliotendewa. Aidha, tarehe za utawala si tarehe za lugha. Tarehe 15 Novemba 1908 koloni lilipita kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II kwenda kwa serikali ya Ubelgiji. Lakini hatuna sababu ya kudhani kwamba mpagazi au mwuza chumvi yeyote alizungumza tofauti siku iliyofuata. Aya inayokatwa hapo imekatwa kwa kisu cha Brussels.

2.2 Mpango wa makabila

Mpango wa pili hutoa aya moja kwa kila jamii: Wahema, Walendu, Waalur, Wabira, Walese, Wambuti na kadhalika. Nia yake ni njema, kwani unataka pasiwe na jamii itakayosahauliwa. Hata hivyo, kwa mada yetu mpango huu una kasoro kubwa kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa lugha ya pamoja haina aya ndani yake. Kiswahili cha Ituri kilikua pale ambapo watu wa jamii mbalimbali walikutana, yaani njiani, mgodini, sokoni na kanisani. Na mpango wa makabila hauna fungu la makutano.

Isitoshe, mipaka ya jamii na mipaka ya lugha hailingani. Wahema wa kaskazini, katika Djugu, husema Kilendu, ilhali Wahema wa kusini, katika Irumu, husema Kihema kilicho jamaa wa karibu wa Kinyoro cha Uganda. Mwandishi aliyetenga aya moja iitwayo "Wahema" na nyingine iitwayo "Walendu" ataiweka wapi habari hiyo? Atalazimika ama kuiacha, ama kuificha katika sentensi ya pembeni, ingawa kwa mwanaisimu hiyo ni miongoni mwa habari muhimu kabisa za eneo lote.

Kuna jambo zito zaidi. Katika vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003, maelfu ya watu waliuawa, na maneno juu ya nani alitangulia na nani ni mgeni katika ardhi yaliambatana na mauaji hayo. Insha inayopanga jamii kwa utaratibu wa kufika kwao inalijibu swali hilo kabla ya kuliuliza, na inalijibu kwa namba ya aya tu, pasipo ushahidi. Mwandishi anaweza kuwa hakukusudia lolote; lakini msomaji wa Bunia atausoma mpangilio huo na kuuelewa.

3.0 Mpango wa hoja

Mpango tunaoupendekeza unaanza na swali moja: kwa nini Kiswahili, ambacho si lugha ya mababu wa jamii yoyote ya Ituri, kimekuwa lugha ya mji wa Bunia? Jibu la muda, au nadharia tete, ni kwamba kilishika mizizi kama lugha ya kazi na ya makutano, miongoni mwa watu waliotolewa makwao na kuwekwa pamoja na wageni. Kila aya ya kiini ibebe sehemu moja ya jibu hilo. Tena kila aya iwe na mambo manne: sentensi kuu inayodai, ushahidi unaounga mkono dai, mpaka wa ushahidi huo, na kiungo cha kuendea aya inayofuata.

3.1 Aya ya kwanza: Kiswahili kiliingia kwa njia ya msitu, pamoja na wapagazi na Wamanyema

Ushahidi wa kuanzia ni safari ya Stanley ya kumtafuta Emin Pasha. Msafara huo, wenye wapagazi zaidi ya 600 walioandikishwa Unguja, ulianza kuupenya msitu kutoka Yambuya mwezi Juni 1887 na kufika Ziwa Albert Desemba ya mwaka huohuo. Kando ya mto Ituri ulikuta kambi zilizokwisha kuwapo: ya Ugarrowwa, na ile ya Ipoto iliyokuwa chini ya Kilonga-Longa. Waliokaa humo hawakuwa Waarabu wa Maskati. Wengi walikuwa Wamanyema, watu wa bara waliokwisha kuingizwa katika biashara ya pembe na ya watumwa, na baadhi ya wakubwa wao walikuwa wenyewe chini ya mabwana wa mbali. Jina lenyewe la Kingwana latokana na "waungwana", neno ambalo katika misafara lilimhusu mtu wa pwani na aliyefuata desturi za pwani, hata kama hakuwa huru.

Mpaka wa ushahidi huu ni wazi. Stanley aliandika kwa Kiingereza, kitabu chake kikatoka mwaka 1890, na mazungumzo ya Kiswahili yametufikia kupitia sikio lake. Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, yaliyotolewa na Brode mwanzoni mwa karne ya 20, yana faida ya kuandikwa kwa Kiswahili, lakini uwanja wake mkubwa ni Manyema na Lualaba. Kwa hiyo aya hii yaweza kudai njia ya kuingilia. Haiwezi kudai kwamba wenyeji wa nyanda za juu walikuwa wamekwisha kujifunza lugha hiyo.

3.2 Aya ya pili: Kiswahili hakikuwa peke yake

Sentensi kuu hii inafuata kutoka kwenye mpaka wa aya iliyotangulia. Nyanda za magharibi ya Ziwa Albert ziliguswa na lugha nyingine za mawasiliano. Kutoka kaskazini kilikuja Kiarabu cha askari wa Sudani waliokuwa chini ya Emin. Wale waliobaki Kavalli pamoja na Selim Bey walichukuliwa na Lugard kwenda Uganda mwaka 1891. Kutoka mashariki ilikuja lugha ya Wanyoro pamoja na Injili: Apolo Kivebulaya, Mganda, alifika Boga mwaka 1896 na kuzikwa hukohuko mwaka 1933. Aya hii ni ya lazima, kwa kuwa pasipo washindani ushindi hauhitaji kuelezwa. Mpango wa tawala haukuwa na mahali pa kumweka Apolo, ambaye hakuwa Mwarabu wala Mbelgiji.

3.3 Aya ya tatu: Mgodi uliwakusanya watu ambao hawakuwa na lugha moja

Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903 na uchimbaji ukaanza mwaka 1905. Mwaka 1926 machimbo yakawekwa chini ya kampuni ya Kilo-Moto. Machifu walidaiwa watu wa kazi na chakula cha kuwalisha. Njia zikadai wapagazi kabla ya kupata magari. Mlendu, Malur na Mbira, ambao lugha zao ni za nasaba tatu tofauti, yaani Kisudani cha Kati, Kiniloti na Kibantu, walijikuta katika kundi moja la kazi. Hapa ndipo nadharia tete yetu inapopata nguvu yake kubwa, na kwa sababu hiyo aya hii imewekwa katikati. Mpaka wake ni kwamba maandishi ya kampuni hueleza amri zaidi ya mazungumzo. Mwanafunzi atahitaji masimulizi ya familia za wachimbaji, na aya iache nafasi ya masimulizi hayo.

3.4 Aya ya nne: Mahali ambapo Kiswahili kilikoma

Insha nyingi huiweka pingamizi katika hitimisho, kama salamu ya kuagana. Sisi tunapendekeza iwe aya kamili. Katika Aru, na kuvuka kuelekea Watsa, lugha ya mawasiliano ni Kibangala, jamaa wa Kilingala; na Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni, Force Publique. Ikumbukwe kwamba Watsa pia ni nchi ya dhahabu, sehemu ya Moto ya kampuni ileile. Basi mgodi peke yake hauwezi kuwa jibu. Mahali palepale palipo na kazi ya namna moja, pande mbili zimepata lugha mbili. Ni lazima mwandishi arudi kwenye aya ya kwanza na kuuliza ni lugha gani iliyokuwa imekwisha kupita njia hiyo kabla ya mgodi kufunguliwa. Aya ya nne inaipa aya ya kwanza uzito ambao haikuwa nao ilipoandikwa.

3.5 Aya ya tano: Lugha yenyewe kama shahidi

Aya ya mwisho ya kiini iwe ya ushahidi wa kiisimu. Neno "Leta", kwa maana ya serikali, limetokana na Kifaransa, na linaonyesha tabaka la ukoloni. Kiambishi ba- katika "batu", badala ya "watu", kinaonyesha wasemaji wa bara wakiifinyanga lugha kwa mikono yao. Lakini hapa pia pana mpaka: ba- hupatikana katika lugha nyingi za Kibantu, zikiwamo za msituni, kwa hiyo peke yake haithibitishi kwamba chanzo ni Umanyema. Vilevile, kitabu cha Kingwana cha John Whitehead cha mwaka 1928 kilitungwa Lualaba, na utafiti wa Johannes Fabian wa mwaka 1986 juu ya Kiswahili na utawala wa Kibelgiji umeegemea zaidi Katanga. Vyote viwili ni vya kulinganishia. Havichukui nafasi ya kusikiliza usemi wa Bunia.

4.0 Kuupima mpango

Mpango ukiisha kuandikwa, tunashauri vipimo vitatu. Cha kwanza, zisomwe sentensi kuu peke yake, moja baada ya nyingine. Zikitoa hoja inayoeleweka, mpango una uti wa mgongo. Zikitoa orodha ya majina na tarehe, bado hakuna hoja. Cha pili, zibadilishwe nafasi aya mbili. Ikiwa hakuna kilichoharibika, basi hapakuwa na kiungo kati yake. Katika mfano wetu, aya ya nne haiwezi kutangulia ya tatu, kwa sababu inalipinga dai ambalo lingekuwa bado halijatolewa. Cha tatu, achukue mwandishi dondoo lake gumu kuliko yote, lile lisiloingia kwa urahisi katika fungu lolote, na kuuliza liwekwe wapi. Wahema wanaosema Kilendu, Mganda anayehubiri Boga, mgodi wa Watsa usiosema Kiswahili: mpango unaoyapokea madondoo ya namna hii ni bora kuliko ule unaoyatupa.

5.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kupanga aya za kiini ni sehemu ya utafiti wenyewe. Mpango wa tawala humfanya mtawala kuwa mtendaji pekee. Mpango wa makabila huiacha lugha ya pamoja bila makao. Mpango wa hoja humlazimisha mwandishi kusema anachodai, kwa ushahidi gani, na hadi wapi.

Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na mwaka 2022 nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Historia ya lugha hii katika Ituri itazidi kuulizwa, ndani ya nchi na nje yake. Wanafunzi wetu ndio walio karibu zaidi na mashahidi walio hai: wazee wa Kilo, wauza samaki wa Kasenyi, wakatekista wa Boga. Inafaa wanapokwenda kuwasikiliza wawe na mpango ambao una nafasi ya kuyaweka watakayoambiwa, hata yale yatakayoipinga nadharia tete waliyoondoka nayo chuoni.