Fukusi Waliopoteza Ukoo

Unamjua fukusi, yule mdudu wa mdomo mrefu anayetoboa mahindi ghalani? Ukoo wake umezua ubishi mkubwa.

Miaka ya 1990 Warusi wawili, Zherikhin na Gratshev, walichunguza visukuku vya Madygen, Kirgizia, vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 220. Kwa kuona midomo mirefu, wakawatangaza wadudu hao, Obrieniidae, kuwa fukusi wa kale kuliko wote.

Wataalamu wengine wakapinga: mwili uliobaki unafanana na mbawakawa wa kundi jingine kabisa. Wakiwa sahihi, tunarudi kwa fukusi wa Karatau, Kazakhstan, wa miaka milioni 160 hivi. Historia ya miaka milioni 60 inafutika!

Ndugu msomaji, kufanana midomo si undugu.