Jinsi ya kuchagua paipu za kutolea gesi ya nitrasi kwenye gari

WAPENZI wa mbio za magari wanalijua wingu jeupe linalofoka kando ya boneti punde tu kabla ya gari kuondoka kwenye mstari wa kuanzia. Wengi hudhani hizo ni mbwembwe za dereva. Wingu hilo lina kazi maalumu, na paipu inayolitoa ikichaguliwa vibaya yaweza kumjeruhi fundi, dereva au mtazamaji aliyesimama karibu.

Gesi inayotoka hapo ni nitrasi oksaidi, ile ile ambayo madaktari wa meno wameitumia tangu karne ya 19 kupunguza maumivu, na ambayo hujulikana pia kama gesi ya kucheka. Yenyewe haiwaki. Lakini ikikumbana na joto la takriban nyuzi 300 za Selsiasi ndani ya injini, huvunjika na kuachilia oksijeni, na oksijeni hiyo huiwezesha injini kuchoma petroli nyingi zaidi kwa wakati mmoja. Takriban asilimia 36 ya uzani wa gesi hii ni oksijeni, ilhali katika hewa tuivutayo ni asilimia 23 hivi.

Kwa nini itolewe nje?

Mtungi wa gesi hukaa kwenye buti mara nyingi. Humo gesi imeshindiliwa hadi ikawa kioevu, na mpira mrefu huipeleka mbele hadi kwenye vali ya umeme iliyo karibu na injini. Mtungi unapofunguliwa, mpira huo huwa bado una hewa na mapovu ya mvuke. Dereva akibonyeza swichi wakati huo, injini hupokea mvuke mwepesi pamoja na petroli ya ziada, ikakohoa na kupoteza nguvu, kisha ikashtuka kioevu kinapowasili.

Fundi aliyewahi kutoa hewa katika breki ataielewa dawa yake. Vali ndogo ya pili huunganishwa karibu kabisa na ile kubwa, na kufunguliwa kwa sekunde moja au mbili ili kusukuma mapovu nje. Wingu jeupe likitokea, kioevu kimefika.

Sehemu mbili, masharti mawili

Kosa kubwa la wanunuzi ni kudhani kwamba paipu ya mfumo huu ni moja. Ziko mbili, na vali ndogo ndiyo mpaka.

Paipu iliyo kabla ya vali hubeba shinikizo lote la mtungi, muda wote mtungi ukiwa wazi. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Gesi ya nitrasi, katika joto la nyuzi 20, husukuma kwa takriban pauni 730, na wanamashindano hupenda kuipasha moto hadi ifike kati ya 900 na 1,000. Mfumo wa kisasa wa petroli, kwa kulinganisha, mara nyingi huhitaji pauni 40 hadi 60 tu kabla ya kufika kwenye injini. Kwa hivyo mpira wa petroli, hata ukiwa mpya na mnene, haufai hapa. Mpira wa gesi ya kupikia haufai pia.

Paipu iliyo baada ya vali ina mdomo ulio wazi. Gesi hupita na kutoka, kwa hivyo shinikizo halikai humo. Hapa paipu ya nailoni yenye upana wa nje wa thumni ya inchi, yaani milimita 3 hivi, yatosha, mradi mdomo wake usizibwe kamwe. Ikikunjwa, ikibanwa na boneti au ikijaa tope, nayo hubeba mzigo ambao haikuundiwa.

Vifaa vya kuchagua

Kwa sehemu ya kwanza, chaguo bora ni mpira wa Teflon uliovishwa waya zilizosukwa za chuma kisichoshika kutu. Saizi ya kawaida hujulikana kwa namba 4. Namba hiyo huhesabu sehemu za 16 za inchi, kwa hivyo 4 ni robo inchi. Tafuta mpira ulioandikwa kiwango cha kazi kisichopungua pauni 1,500. Usidanganywe na waya zinazong'aa, kwani baadhi ya mipira ya petroli huvishwa waya kama hizo kwa urembo, na ndani yake ni mpira wa kawaida.

Paipu ngumu ya chuma ya breki ina nguvu ya kutosha, lakini iwe mpya. Paipu iliyowahi kupitisha mafuta ya breki haifai, kwa kuwa gesi hii huchochea moto na haipaswi kukutana na mafuta wala grisi ndani ya paipu. Isitoshe, mdomo wa paipu ya breki mara nyingi hupanuliwa kwa pembe ya digrii 45, ilhali viungo vya mipira ya namba hutumia digrii 37. Ukivilazimisha kukaa pamoja, vitavuja.

Shaba laini hukubali kupindwa, lakini mtikisiko wa injini huifanya iwe ngumu na hatimaye ipasuke. Itumie baada ya vali pekee.

Joto na usalama

Mwenye gari la namna hii asilipuuze jua. Joto likipita nyuzi 36.4, kioevu chote ndani ya mtungi hugeuka gesi nzito, na shinikizo hukaribia pauni 1,050 au kupita hapo. Buti ya gari lililoegeshwa juani Mombasa hufikia joto hilo bila taabu. Paipu za plastiki nazo hupoteza nguvu zikipata joto. Ziwekwe mbali na bomba la moshi.

Gesi inayotoka, kinyume chake, ni baridi kali, kwani kioevu chake huchemka katika nyuzi 88 chini ya sufuri. Mdomo wa paipu uelekezwe juu na mbali na macho ya watu, usielekee ndani ya gari, na ufungwe imara usije ukacheza kama mjeledi. Ukiweka midomo miwili, zipe paipu zake urefu sawa ili mawingu yalingane. Kazi hii isifanywe ndani ya gereji iliyofungwa, kwa maana gesi hufukuza hewa ya kupumua.

Kabla ya kulegeza kiungo chochote, funga mtungi kisha fungua vali ndogo hadi mlio uishe. Ukifunga tena, paka viungo maji ya sabuni kama ufanyavyo kwa jiko la gesi, na uangalie mapovu.

Mnamo Julai 26, 2007, katika jangwa la Mojave, California, wafanyakazi 3 waliuawa na mlipuko wakati wa kujaribu mtiririko wa gesi hii kwa ajili ya roketi, ilhali hakuna injini iliyokuwa imewashwa. Mitungi ya pale ilikuwa mikubwa mno kuliko ya gari, lakini gesi ni ile ile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiungo kikitoa povu moja tu, gari hilo lisiondoke kabla hakijarekebishwa.