Mashine mbili za sukari, majibu mawili: ipi iaminiwe?

Dominika moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja mjane wa hapa Bariadi alinisubiri mlangoni mwa sakristia akiwa na kipande cha karatasi. Juu yake aliandika namba mbili: 11.8 na 9.6. Zote zilikuwa za asubuhi ileile, kabla ya chai, zikiachana kwa dakika chache tu. Ya kwanza ilitoka kwenye mashine yake ya kupima sukari, ya pili kwenye mashine ya jirani yake wa jumuiya. "Baba, ipi inasema kweli?" aliniuliza. Kabla sijajibu aliongeza jambo lililonishtua kuliko namba zenyewe: kwa kuwa mashine ya jirani ilikuwa ikimpa nafuu, alikuwa ameichagua hiyo, na vidonge vyake alikwisha kuviacha wiki mbili zilizopita.

Mimi si tabibu, na makala haya hayachukui nafasi ya kliniki. Lakini swali la mama yule nimelisikia tena Maswa, nimelisikia Itilima, na mara nyingi linaletwa kwa padri kabla ya kupelekwa kwa daktari. Kwa sababu hiyo nimeona vema kuyaweka hapa yale yanayojulikana kwa uhakika juu ya jambo hili.

Tuanze na karatasi ya mama. Mtu mwenye afya njema ambaye hajala tangu jana usiku huwa na sukari iliyo chini ya milimoli 7.0 kwa lita. Kuanzia hapo ndipo waganga wanapozungumzia ugonjwa wa kisukari. Basi 11.8 ni juu, na 9.6 vilevile ni juu. Mashine zile mbili hazikupingana hata kidogo katika jambo lililokuwa muhimu: zote zilimwambia kwamba sukari yake haijatulia na kwamba vidonge anavihitaji. Nafuu aliyoiona ilikuwa ya namba tu.

Namba ya mashine ni makadirio

Mashine ya nyumbani haihesabu chembe za sukari moja moja. Ndani ya stripu mna kimeng'enya kinachokutana na sukari ya tone la damu. Mkutano huo huzaa umeme mdogo sana, na mashine huugeuza umeme huo kuwa namba. Tone ni dogo, stripu zimetengenezwa kwa mamilioni, na hakuna mbili zinazolingana kabisa. Ndiyo maana hata mashine moja, kidole kimoja, ikipimwa mara mbili mfululizo, aghalabu hutoa namba mbili.

Watengenezaji wanajua hivyo, na kuna mpaka uliokubaliwa kimataifa. Kiwango kiitwacho ISO 15197, katika toleo lake la mwaka 2013, kinadai kwamba katika kila majibu 100 ya mashine, yasiyopungua 95 yawe karibu na jibu la maabara kwa tofauti isiyozidi asilimia 15, juu au chini, pale sukari inapokuwa milimoli 5.55 kwa lita au zaidi. Ikiwa chini ya hapo, tofauti isizidi milimoli 0.83.

Tuchukue kwamba sukari halisi ya mama yule asubuhi ile ilikuwa 10.5. Asilimia 15 ya hiyo ni karibu 1.6. Mashine nzuri, isiyo na kasoro yoyote, ingeweza kumwonyesha namba yoyote kati ya 8.9 na 12.1. Namba zake zote mbili zimo humo. Mmoja akiuliza ipi ni ya kweli, jibu la haki ni kwamba zote mbili zimetimiza wajibu wake.

Huko chini, hata hivyo, tofauti ndogo huwa na uzito mwingine. Mtu ambaye sukari yake halisi ni 4.0 anaweza kuonyeshwa 3.4 na mashine moja na 4.6 na nyingine. Ya kwanza inamwambia ale sasa hivi. Ya pili inamwambia yuko salama. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kuishusha sukari mno, asikae akibishana na mashine. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi, moyo ukienda mbio au maneno yakianza kuchanganyikana, mwili wake umekwisha kusema, na mwili uaminiwe kwanza. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha apime tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Tofauti zinazoletwa na sisi wenyewe

Hizo ni tofauti za mashine. Nyingi zaidi, kwa niliyoyaona, zinatoka mikononi mwetu.

Msimu mmoja wa maembe niliitwa usiku kumpa mzee mmoja Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Nilimkuta amelowa jasho, akisema yasiyoeleweka, na watoto wake wakilia. Mzee alikuwa amepima jioni, akapata 19, akashtuka, akajiongezea insulini. Binti yake ndiye aliyekumbuka kwamba baba alipima mara baada ya kumenya maembe, bila kunawa. Kwa bahati mzee alikuwa bado anaweza kumeza. Alipewa maji ya sukari kidogo kidogo, akarudiwa na fahamu zake mbele ya macho yetu, na sasa bado tunasali naye. Inawezekana sana kwamba sehemu kubwa ya ile 19 ilikuwa sukari ya embe iliyokuwa kwenye ngozi ya kidole. Watafiti wamelipima jambo hili kwa watu waliomenya matunda: namba ilipanda mno, kufuta kidole kwa spiriti hakukutosha, na kunawa kwa maji ndiko kulikorudisha namba ya kweli. Kwa hiyo maji na sabuni, kisha kukausha vizuri, kwani maji yakibaki kidoleni hulipunguza nguvu tone la damu. Na namba ya kushangaza irudiwe kwa mikono iliyonawiwa kabla ya kugusa dawa yoyote.

Jambo la pili ni joto. Stripu nyingi zimeandikwa zihifadhiwe mahali pasipozidi nyuzi joto 30, na kila anayeishi chini ya paa la bati katika mkoa wetu anajua chumba kinavyokuwa mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijashuka. Stripu zilizosahauliwa dirishani au kwenye mkoba wa pikipiki juani zinaweza kuharibika bila kubadilika rangi. Unyevu nao huziharibu: kichupa kisipofungwa mara moja, hewa ya masika huingia. Hapa niwaonye wale waliofundishwa kuhifadhi insulini katika chungu chenye ubaridi wa maji. Kwa insulini ni busara nzuri isiyo na friji. Kwa stripu ni hasara, kwa maana unyevu ndio adui yake. Stripu zikae katika kichupa chake zilichokuja nacho, mahali pakavu, upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Tarehe ya kukifungua iandikwe kwa kalamu juu ya kichupa, maana nyingi zina muda wa miezi michache tu baada ya kufunguliwa, hata kama tarehe ya kwisha iliyochapishwa bado iko mbali. Na stripu za mashine moja zisitumiwe kwenye nyingine, ingawa zinaonekana kama ndugu.

Damu yenyewe pia ina neno. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, mashine nyingi humsomea sukari juu kuliko ilivyo. Aliyekaukiwa maji mwilini husomewa chini. Katika nchi ya malaria, na katika Kanda hii ya Ziwa yenye wagonjwa wengi wa selimundu, hilo si jambo la vitabuni tu. Mjamzito aliyeambiwa kwamba damu imepungua amkumbushe mhudumu anapopimwa sukari. Mwenye selimundu ajue pia kwamba hata kile kipimo cha hospitali kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu, kiitwacho HbA1c, kinaweza kumpotosha, na daktari wake anapaswa kukumbushwa.

Nitaje kwa kifupi na vipimo vyenyewe. Hapa Tanzania kliniki zetu huandika milimoli kwa lita, lakini mashine iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani huandika miligramu kwa desilita. Inayoonyesha 180 haijaharibika: gawanya kwa 18, utapata 10. Mashine za zamani sana nazo zilitoa jibu la damu nzima badala ya maji yake, na jibu hilo huwa chini kwa karibu asilimia 11 kulinganisha na la maabara.

Jambo moja haliwezi kungoja. Katika jumuiya zetu watu huazimana mashine, na moyo huo ni mzuri. Lakini sindano ya kutoboa kidole, pamoja na kile kikalamu kinachoibeba, visiazimwe kamwe, hata kati ya mume na mke. Homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI hupita katika damu, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha.

Namna ya kulinganisha kwa haki

Anayetaka kujua kama mashine yake inafaa asiilinganishe na ya jirani, kwa maana mashine mbili zikitofautiana bado hujui iliyo karibu na ukweli. Ailinganishe na maabara, iwe ya hospitali ya mkoa hapa Bariadi, ya hospitali ya wilaya, au ya Bugando kwa wanaopelekwa Mwanza. Aende asubuhi bila kula. Baada ya chakula, damu ya kidoleni huwa na sukari nyingi kuliko ya mshipani, hivyo mashine na maabara zitatofautiana hata kama zote ni sahihi. Mara tu damu ya mshipani inapochukuliwa, anawe na apime kidole papo hapo kwa mashine yake mwenyewe. Aulize kwa heshima kama damu itapimwa mapema, kwa sababu chembe za damu huendelea kuila sukari ndani ya chupa, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa ikiwa haikuhifadhiwa ipasavyo. Tofauti ikiwa ndani ya asilimia 15, aishi na mashine hiyo kwa amani, aitumie hiyo moja, na aandike kila namba kwenye daftari pamoja na saa na alichokula. Daktari husoma mwenendo wa wiki nzima, wala hahukumu kwa namba moja. Ikizidi hapo mara kwa mara, kichupa kipya cha stripu kijaribiwe kwanza kabla ya kununua mashine nyingine.

Wengine huniuliza juu ya mfungo, na hili ni la kwangu kulijibu. Aliyepima kabla ya Misa akakuta sukari inashuka, ale. Kanuni ya 919 inawaruhusu wazee na wagonjwa kupokea Komunyo Takatifu hata kama wamekula ndani ya saa ile moja. Maji na dawa haviuvunji mfungo huo kwa mtu yeyote. Vivyo hivyo kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: ambaye kufunga kunamdhuru, sheria ya kufunga haimbani. Asione haya mbele ya wenzake, wala asiipindishe namba ya mashine ili aonekane amefunga.

Mama yule alirudi kliniki, akakaripiwa kidogo, akarejeshewa vidonge vyake. Mwezi uliofuata alikwenda maabara asubuhi bila kula, akiwa na mashine zote mbili kwenye kikapu. Maabara ilitoa 8.1. Yake ilisema 8.8, ya jirani 7.3. Ya jirani ameirudisha.