Nahodha Aliyepigania Newala

Hebu fikiria afisa wa majini anapigana Newala, juu kwa Wamakonde, ambako hata maji ya kunywa yalifuatwa mabondeni! Max Looff ndiye aliyekuwa na cheo kikubwa kuliko mabaharia wote wa Kijerumani huku kwetu. Meli yake, Königsberg, iliishia Rufiji 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikafungwa magurudumu, ikakokotwa porini na watu ambao vitabu vya vita vinawaita "wapagazi" tu, basi.

Novemba 1916 Looff akawatimua Wareno Newala. Lakini bila meli, cheo kilikuwa na uzito gani? Amri ilibaki kwa Lettow-Vorbeck, mwanajeshi wa nchi kavu. Novemba 1917 huyo akavuka Ruvuma. Looff akaachwa nyuma, akatekwa na Waingereza.