Kozi wa Amur na kozi kibete: Wadogo wawili, maisha mbalimbali

MVUA za vuli zinyeshapo Tsavo, kozi wawili wadogo huonekana katika nyika moja wakila wadudu. Mmoja ametoka Asia. Mwingine hajawahi kuihama nyika yake.

Kozi wa Amur, aliyepewa jina la mto ulio mpakani mwa Urusi na China, ana uzani wa gramu 150 hivi. Dume ni wa kijivu cha moshi, mapaja yake mekundu kama kutu. Huzaliana mashariki mwa Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China, mara nyingi katika viota vilivyoachwa na jamii ya kunguru. Mwezi Oktoba hukusanyika Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, akajinenepesha kwa kumbikumbi, kisha huvuka Bahari Hindi, takriban kilomita 3,000 bila pa kutua. Huaminika kwamba njiani hula kerengende, ambao nao husafiri kwa upepo uo huo. Kutoka Afrika Mashariki huendelea hadi kusini mwa bara.

Safari hiyo nusura imponze. Mnamo 2012 ilifichuka kuwa wavuvi wa bwawa la Doyang, Nagaland, walikuwa wakiwanasa maelfu kwa maelfu kwa nyavu na kuwauza kama kitoweo. Wazee wa vijiji, makanisa na serikali walikubaliana kukomesha biashara hiyo, na msimu wa 2013 ukapita bila mauaji. Mwaka huo huo ndege watatu walivishwa vifaa vya satelaiti ili safari yao ifuatiliwe.

Kozi kibete hahitaji satelaiti. Ndiye ndege mwindaji mdogo kuliko wote Afrika: urefu wake sentimita 20, uzani chini ya gramu 80. Jike hutambulika kwa mgongo wa hudhurungi. Hukaa wima kileleni mwa mti, akashuka ghafla kunyakua panzi au mjusi.

Naye pia hajengi. Samburu, Baringo na Tsavo, yeye ni mpangaji katika viota vya miiba vya mnana mwenye kichwa cheupe na kiuno chekundu. Kodi, bila shaka, halipi. Pasipo na mnana huyo, kozi kibete hutafutwa bure. Hivyo mgunga mkongwe ukikatwa kwa ajili ya makaa, hubomolewa nyumba ya mwenyeji na ya mpangaji kwa shoka moja.