Dizeli na Mlima wa Nairobi

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 hupanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, yapata mita 1,660 juu, na kwa hiyo tangu awali jambo lililowashughulisha wakuu wake halikuwa kasi, bali uzito wa shehena.

Mwaka 1955, zilipoanza kuwasili injini za mvuke za daraja la 59, zilizoundwa Manchester, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 na jina la mlima mmojawapo wa Afrika Mashariki, jawabu lilidhihirika, kwani injini moja iliweza kuvuta tani 1,200 katika mwinuko huo. Zilipokuja dizeli za English Electric mwaka 1960, zenye nguvu za farasi 1,840, ilibidi hesabu ifanywe upya. Nguvu za farasi huamua mwendo. Lakini kinachoing'oa treni nzito mlimani ni uzito uliokalia magurudumu yanayoendeshwa, ambayo reli ikilowa huteleza, hata dereva akalazimika kuyamwagia mchanga. Na akikawia mno kwa mwendo mdogo huku akivuta kwa nguvu zote, mota za umeme zinazoyazungusha magurudumu hayo hupata moto hata zikaungua.

Fadhila kubwa ya dizeli, kwa rai yangu, ni kwamba vichwa viwili au vitatu huunganishwa vikatii mkono wa dereva mmoja, nguvu ikaongezwa kwa kadiri ya mzigo, ilhali injini ya mvuke ya ziada ilidai dereva na mchochezi wake. Kwa hoja hiyo mvuke ulishindwa kwa haki.