Bima na Tabibu wa Wazazi Makindu

Reli ilipofika Makindu mwaka 1898 ikitokea Mombasa, mwanamke wa Kikamba aliyeshikwa na uchungu katika nchi ile kavu hakuwa na tabibu ila mkunga, bibi wa makamo ambaye ujira wake haukuhitaji karatasi wala muhuri. Bima ya afya ya serikali ya Kenya, NHIF, iliundwa mwaka 1966, lakini ilimhusu kwanza mwajiriwa mwenye mshahara mnono, ilhali mke wa mkulima wa pojo na mbaazi alibaki nje. Faraja ilikuja Juni 2013, ada ya kujifungua ilipofutwa katika hospitali za umma. Kisha mwaka 2016 kaunti ya Makueni, ulimo mji wa Makindu, ikaanzisha bima yake, shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka, jambo lililostahiki, kwa rai yangu, kuigwa upesi na nchi nzima.

Hata hivyo kadi haizai daktari. Tangu Oktoba 2024 bima ya serikali ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Basi, msomaji, kabla hujapanda matatu kwenda Wote, makao makuu ya kaunti, uliza hospitalini Makindu kama mkataba wake na SHA unahusisha upasuaji wa uzazi, na daktari bingwa wa wanawake huwapo siku gani.